Gereji ya Wasomaji: Mikanda ya plastiki iliyobandikwa milangoni

Barua za safari hii kutoka Tanga zimeelemea jambo moja: ile mikanda ya plastiki iliyobandikwa ubavuni mwa milango ya gari, hasa gari za Kijapani za miaka ya 1990. Joto na jua vimeilegeza gundi, mchanga na chumvi ya bahari vimejipenyeza nyuma yake, na wenye gari wanataka kuiondoa. Tumejibu barua nne. Tunaomba ya kwanza isomwe na kila mtu, maana majibu mengine yanaiegemea.

SWALI: Ndugu wahariri, nina Corolla ya mwaka 1998, rangi ya kijani iliyokoza. Mkanda wa mlango wa nyuma kushoto umeachia ncha moja, nikienda njia ya Pangani unapigapiga. Nataka kuiondoa yote. Jirani kaniambia niingize bisibisi nibandue tu. Rangi yangu bado nzuri, nahofia kuiharibu. Nifanyeje?
Msomaji wa Chumbageni, Tanga

JIBU: Bisibisi iacheni kwenye boksi, ndugu yetu. Mkanda huo umeshikwa na tepu ya povu yenye gundi pande mbili, unene wake milimita 1 hivi. Gundi ya namna hiyo hustahimili sana kuvutwa moja kwa moja, lakini povu lenyewe hukatika kwa urahisi likikerezwa kutoka pembeni. Ukiingiza bisibisi, chuma kinaegemea bati la mlango. Bati hilo halifiki hata milimita 1 kwa unene, kwa hiyo utabonyeza shimo dogo ambalo litakuja kugharimu pati ya kuzibia bonyeo na rangi. Na ukiuvuta mkanda kwa nguvu wakati gundi ni baridi, pale ambapo rangi imeshika bati vibaya kuliko gundi ilivyoshika rangi, itakayotoka ni rangi. Kazi hapa ni kulikata povu.

Kabla ya yote, ijue rangi yako. Je, ni ya kiwandani, ile mafundi wanayoiita rangi ya oveni, au gari lilishapigwa rangi mtaani? Rangi ya kiwandani huokwa kwenye joto la nyuzi 140 hivi na hukomaa isiyeyuke tena. Rangi nyingi za mtaani hukauka kwa hewa tu, na baadhi yake huyeyuka tena zikiguswa na tina, kile kimiminika cha kuzimulia rangi, hata baada ya miaka. Fungua mlango, tafuta sehemu isiyoonekana kwenye fremu chini ya bawaba, uhakikishe ina rangi ileile ya nje. Lowesha kitambaa cheupe kwa tina kidogo, sugua mara tano. Kitambaa kikibaki cheupe na rangi isilainike, hiyo imekomaa. Kikitoka kijani, basi kwenye gari hilo tina, petroli na spiriti visikaribie ubavu wa mlango. Jaribio hili ni la dakika mbili. Lakini fremu huenda iliachwa na rangi ya kiwandani huku ubavu ukipigwa upya, kwa hiyo rudia kwenye ukingo wa chini kabisa wa mlango, upande wa nje.

Sasa vifaa. Unahitaji mshipi wa kuvulia, na hapo watu wa Tanga mmebarikiwa, kwani maduka ya vifaa vya uvuvi yanao. Chukua wa nailoni wa milimita 0.5 au 0.6, au ule wa kusuka wa unene huohuo, ambao unadumu zaidi. Mshipi mnene kuliko povu utakwaruza rangi kwa kujibana, usiuchukue. Kata vipande vinne au vitano vya sentimita 80, na kila ncha ifunge kwenye kijiti cha mti, maana ukivuta kwa vidole vitupu utakatika nyama. Tafuta pia tepu ya karatasi ya mafundi rangi, draya ya nywele, kadi ya plastiki iliyoisha muda, maji yenye sabuni, na vitambaa laini visivyopungua sita. Waya wa chuma usitumie kabisa. Mafundi wa vioo hutumia waya kukatia gundi ya kioo cha mbele, lakini pale unapita kwenye gundi nene. Kwenye mlango waya unalala juu ya rangi, na kila ukivuta unaichora.

Osha mlango vizuri na uelekeze maji kwenye ukingo wa juu na wa chini wa mkanda mpaka mchanga utoke. Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo inayoleta mikwaruzo. Chembe moja ya mchanga wa pwani ikibebwa na mshipi itaandika mstari mrefu kwenye klia yako, lile tabaka angavu la juu ya rangi. Kausha, kisha bandika tepu ya karatasi juu na chini ya mkanda, tabaka mbili, ikikaribia ukingo lakini isiuguse.

Kwa joto, jua la Tanga ni msaidizi mkubwa. Egesha gari ubavu ukitazama jua, na rangi iliyokoza kama yako saa nane mchana itakuwa ya moto kiasi cha kutoweza kuuwekea kiganja kwa muda. Malizia kwa draya, sentimita 10 hivi kutoka kwenye mkanda, ukiisogeza polepole kwa dakika mbili tatu kwa kila sentimita 30. Huna draya, au umeme umekatika? Taulo lililoloweshwa kwa maji ya moto na kukamuliwa linafaa, libadilishe kila linapopoa. Ile mashine ya mafundi ya kupuliza hewa ya moto hatuishauri kwa asiyeizoea. Inaweza kupita nyuzi 500, na hapo klia inatoa mapovu kabla hujatambua.

Anzia ncha iliyokwisha achia. Pitisha mshipi nyuma ya mkanda, shika kijiti kimoja kila mkono, kereza kwa mvuto mrefu wa pole, mkono huu kisha ule, ukiuelekeza mshipi kwenye plastiki kuliko kwenye bati. Povu litakalobaki mlangoni halina hasara, lakini mkwaruzo utabaki. Mwenzako awe anatangulia na draya sentimita chache mbele yako. Nailoni hupata moto kwa msuguano na kukatika, kwa hiyo sogeza sehemu inayofanya kazi mara kwa mara, na nyunyiza maji ya sabuni yaliyo vuguvugu ili yasipoze gundi. Kila unapokata sentimita 10, chomeka kadi nyuma isije ikajibandika tena. Usiukunje mkanda kwa nje kama unataka kuutumia tena, kwani ukishajikunja hata ukinyooshwa utaacha alama nyeupe.

Ukifika mahali mshipi unagoma ghafla, simama. Baadhi ya mikanda, mbali na tepu, ina pini au klipu ya plastiki karibu na ncha, iliyochomekwa kwenye tundu la bati. Ukikereza kwa hasira mshipi utakatika, ukivuta utapanua tundu. Pita upande wa pili wa pini, kata povu lililobaki, halafu kwa kadi mbili zilizobananishwa inua taratibu karibu kabisa na pini mpaka itoke. Kama imevunjikia ndani, isukume iangukie ndani ya mlango, lakini uitoe baadaye. Kipande cha plastiki kinachozurura humo kinaweza kuziba matundu ya kutolea maji chini ya mlango, na mlango usiotoa maji huoza kwa kutu kutoka ndani.

Ukataji utachukua robo saa kwa mlango. Kazi ndefu ni povu linalobaki. Lipashe moto, lisugue kwa kidole gumba ukilisukuma lijiviringe. Vipande vikubwa hutoka hivyohivyo bila dawa. Kinachobaki, kama jaribio limeonyesha rangi yako ni ya kiwandani, kiloweshe kwa mafuta ya taa, funika na kipande cha nailoni yasikauke, subiri dakika 10, kisha kwangua kwa kadi ya plastiki. Huenda ukarudia mara tatu. Nusu lita inatosha milango minne. Ipo pia gurudumu la mpira la kufutia gundi, linalofungwa kwenye drili. Linafanya kazi haraka sana, mradi drili iende polepole, mizunguko 2,000 kwa dakika inatosha, na usisimame mahali pamoja. Usilifunge kamwe kwenye grenda, kwani grenda ndogo huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, na mpira huo utachoma rangi au kupasuka usoni mwako.

Maliza kwa kuosha kwa sabuni mara mbili, maana mafuta ya taa huacha utando usioonekana, na polishi au rangi haishiki juu yake.

SWALI: Fundi aliniondolea mikanda ya gari langu jekundu, akafuta gundi kwa tina. Sasa pale palipokuwa na mkanda rangi imefifia, imekuwa kama ngozi ya chungwa, na kitambaa chake kilitoka chekundu. Anasema ni gari lenyewe bovu. Je, ni kweli? Na alama ya mkanda inaondokaje?
Dada wa Makorora, Tanga

JIBU: Pole sana, dada yetu. Gari halina ubovu. Kitambaa kilichotoka chekundu kinaeleza yote: rangi ya juu si ya kiwandani, ni ile inayoyeyuka kwa tina, na fundi hakuijaribu kabla ya kuipaka tina. Tina ikiigusa hulainika, hujikunja, kisha hukauka vibaya. Kiini ni hicho, na fundi mwenye uangalifu angekijua kwa kitambaa kimoja na dakika mbili.

Sasa usipake chochote kwa siku saba ili tina iliyozama itoke yote. Ukisugua mapema utaiburuta rangi ikiwa bado laini. Baada ya hapo lowesha msasa namba 2000 kwenye maji yenye tone la sabuni, ufunge kwenye kipande cha mpira bapa, usugue kwa mwendo wa kwenda na kurudi, mara kumi tu, kisha ufute uangalie. Kama makunyanzi yanasawazika, endelea kidogo kidogo, halafu malizia kwa kompaundi, ile dawa nzito ya kung'arishia rangi, na kitambaa laini, kwa mkono. Kama bado yapo na unaanza kuona rangi ya chini, acha. Hapo pamebaki kupiga rangi upya, na mpiga rangi aambiwe wazi kwamba chini kuna rangi inayoyeyuka. Akipuliza rangi yenye tina kali juu yake, itavimba tena. Lazima aikwangue yote, au aifunike kwa praima (rangi ya chini) ya kutenganisha.

Kuhusu alama, pitisha ukucha juu ya mstari, kutoka juu kwenda chini. Ukucha usiposhika kitu, tofauti ni ya rangi tu: jua limefifisha mlango mzima isipokuwa pale palipofunikwa, na wekundu ndio unaofifia upesi kuliko rangi nyingi. Kompaundi ikipigwa mlango mzima, si kwenye mstari peke yake, huirudisha sehemu iliyofifia karibu na ile iliyojificha. Haitalingana kabisa, ila ukiwa hatua tatu mbali hutaiona. Ukucha ukikwama, hapo pana ngazi: gari lilipigwa rangi mikanda ikiwa imebandikwa, na rangi imejikusanya ukingoni. Ngazi haiondoki kwa polishi hata ungesugua mwaka mzima. Inasawazishwa kwa msasa namba 800 na maji, kisha mlango unapigwa rangi.

Kwa wenye rangi ya kiwandani, angalizo moja tu. Unene wote wa rangi, toka praima hadi klia, ni kama sehemu 100 hadi 120 za elfu moja za milimita, na klia peke yake haifiki nusu ya hapo. Msasa ni mkopo unaouchukua kwenye klia, na hauwezi kuulipa.

SWALI: Shikamooni. Nina Peugeot ya mwaka 1979, ina mikanda ya chuma inayong'aa milangoni, na chini yake naona kutu imeanza kutokeza. Haijabandikwa kwa gundi. Inatokaje, na matundu niyafanyeje? Kijana mmoja anataka kuyaziba kwa pati.
Mzee wa Raskazone, Tanga

JIBU: Marahaba, mzee wetu, na hongera kwa kulitunza gari hilo. Mikanda ya chuma ya zama hizo kwa kawaida hushikwa na klipu zilizochomekwa kwenye matundu ya bati, na ncha zake mara nyingi zina boliti ndogo inayokazwa kwa nati kutoka ndani ya mlango. Usianze kubandua kabla hujahakikisha nati hizo hazipo, vinginevyo mkanda utapinda, na mkanda uliopinda hauwi sawa tena.

Kwa hiyo kava la ndani la mlango litoke kwanza. Ule mkono wa kupandishia kioo, kwenye gari nyingi za zamani, hushikwa kwa skrubu iliyofichwa chini ya kifuniko kidogo. Kwenye nyingine hushikwa na kipini chenye umbo la herufi C nyuma yake. Kama ni hiki cha pili, pitisha kitambaa chembamba kati ya mkono na kava, kivute huku na huku kama unayeng'arisha kiatu, kipini kitaruka. Funika sehemu hiyo kwa kitambaa kingine kisije kikapotea. Nyuma ya kava kuna karatasi ya nailoni. Msiichane wala kuitupa, maana ndiyo inayorudisha maji ya mvua chini ya mlango yasiingie ndani kwenye zulia. Mlango usiokuwa nayo hulowesha sakafu masika yote.

Fungua nati kwa spana ndogo, zikigoma tia mafuta ya kulegeza kutu na subiri usiku mzima. Kisha kwa nje, sukuma kipande cha mti laini au plastiki ngumu iliyofungwa kitambaa karibu na kila klipu, uinue kidogo, uhamie ya pili, urudi. Usiing'oe moja moja mpaka mwisho.

Pati kuziba tundu, hapana. Pati hunyonya unyevu, na upande wake wa nyuma, ndani ya mlango, hauna rangi ya kuulinda. Maji ya mvua na hewa ya chumvi vinaingia kutoka humo, kutu inaota kuzunguka tundu, na mwaka haujaisha pati inavimba na kudondoka. Kama mikanda itarudi, ng'arisha kingo za tundu hadi chuma cheupe kionekane, paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, fuata muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha praima ya epoksi na rangi. Chomeka klipu mpya ukiwa umetia grisi kidogo kwenye tundu. Kama hairudi, tundu lizibwe kwa kuchomelea kipande cha bati, kwa miguso mifupi, kila mmoja upoe kabla ya mwingine, ukiweka kipande cha shaba nyuma. Shaba hunyonya joto na haishikani na chuma kinachoyeyuka. Fundi akichomelea mfululizo, bati litajikunja mlango mzima. Betri itolewe waya, nailoni na kava viwe mbali, na ndoo ya maji au mchanga iwe karibu. Baada ya hapo upande wa ndani upakwe praima na mafuta mazito ya kuzuia kutu, kwa kuwa moto umeteketeza kinga yote iliyokuwepo.

SWALI: Mimi nataka kuirudisha mikanda baada ya gari kupigwa rangi. Dukani Ngamiani wananiuzia silikoni, wengine gundi ya viatu. Ipi ni imara?
Msomaji wa Mikanjuni, Tanga

JIBU: Zote mbili ziache. Silikoni ile inayonuka kama siki hutoa asidi wakati wa kukauka, na palipo na mchubuko mdogo kwenye rangi huamsha kutu mahali usipopaona. Tena mabaki yake hayafutiki kirahisi, na siku utakapotaka kupiga rangi, pale ilipogusa rangi itakimbia na kuacha vitundu kama macho ya samaki. Gundi ya viatu ina tina inayolainisha rangi changa, na ikikauka huwa ngumu, haifuati mtanuko wa plastiki juani.

Nunua tepu ya povu ya akriliki ya magari, ile ya kijivu au nyeusi yenye karatasi nyekundu. Chukua ya milimita 1 hivi kwa unene, na upana pungufu ya mkanda kwa milimita 2 kila upande. Ile nyeupe ya bei nafuu ya kubandikia picha ukutani haifai. Povu lake hunyonya maji na kuoza.

Rangi mpya iachwe wiki nne kabla ya kubandika, kwani bado inatoa hewa ya tina, na hewa hiyo ikinaswa chini ya tepu huiachisha. Ondoa povu la zamani lote nyuma ya mkanda, bandika mstari wa tepu ya karatasi mlangoni ili upate mnyoofu, na ujaribu kuuweka mkanda bila gundi mlango ukiwa umefungwa, uhakikishe unalingana na wa mlango jirani. Futa pande zote mbili kwa spiriti iliyochanganywa na maji safi, nusu kwa nusu, kisha usiguse tena kwa vidole. Fanya kazi kivulini, bati likiwa vuguvugu na si la kuunguza. Bandua karatasi sentimita 5 za kwanza tu, ikunje itokeze nje, weka mkanda mahali pake, halafu vuta karatasi taratibu huku ukikandamiza.

Kandamiza kwa nguvu kila sentimita, kwa kiganja au kwa kigingi cha mti kilichofungwa kitambaa, kwa sababu gundi hii inashika kwa mkandamizo. Nusu ya nguvu yake inapatikana baada ya dakika 20 hivi, sehemu kubwa baada ya saa 24, na yote baada ya saa 72. Usioshe gari siku hizo tatu, na mashine ya kuoshea yenye mkandamizo mkubwa usiielekeze kwenye ukingo wa mkanda hata baada ya hapo. Pitisha bomba kutoka juu, maji yateremke.